Mafahali Wawili kwenye Antena Moja

Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Kahama nchi ni tambarare, mashamba ya pamba na majaruba ya mpunga, na miamba mikubwa imesimama hapa na pale. Ukishika njia ya Geita, vilima vinaanza. Katika ukanda huu dhahabu imekusanya watu wa aina mbili. Kuna migodi mikubwa, kama Bulyanhulu na ule wa Geita, yenye wahandisi wake na mitambo yake ya mawasiliano. Kuna na wachimbaji wadogo wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ambao mawasiliano yao ni simu pale mtandao unapokamata, sauti ya kupaza pale usipokamata, na kamba ya winchi kwa aliye chini.

Wadogo hao wakijiunga kikundi na mfuko ukatuna kidogo, hufika siku wakataka redio za upepo. Hapo wanagundua kwamba redio ya mkononi ya wati 5 haivuki kilima. Wanahitaji ripita: mtambo unaofungwa mahali pa juu, unaoisikia redio dhaifu kwenye masafa fulani na papo hapo kuirusha sauti ileile kwa nguvu kwenye masafa mengine. Kesi iko kwenye hilo neno papo hapo. Mtambo mmoja unasema kwa nguvu na kusikiliza mnong'ono kwa wakati mmoja. Je, ufanye yote hayo kwa antena moja, au kila kazi ipewe antena yake?

Nimewaketisha watu watano kulijadili hilo. Wasemaji nimewatunga mimi, lakini hoja ni zile zinazosikika kila ripita inapofungwa, na hesabu zao anayetaka anaweza kuzikagua. Yupo fundi redio wa Kahama, anayetetea antena moja. Yupo mhandisi aliyewahi kusimamia mawasiliano ya migodi mikubwa, anayetaka mbili. Yupo mwalimu wa fizikia wa sekondari, mama mhazini wa kikundi, na kijana mchimbaji.

MHAZINI: Karibuni. Mimi sijui antena, najua daftari. Nimeambiwa antena moja ni nafuu, nikaambiwa tena kwamba rahisi ni ghali. Fundi, anza wewe.

FUNDI: Ahsante, mama. Kila mmoja wenu hapa tayari anatumia antena moja kusema na kusikia. Redio ya mkononi ina kijiti kimoja tu juu. Ukibonyeza kitufe, diodi zilizo ndani zinafungua njia ya kurushia na kuziba ya kupokelea. Ukiachia, mambo yanageuka. Ndiyo maana mtu akimaliza husema "ova": anampa mwenzake zamu. Hata simu yako, mama, ya 4G, inarusha na kupokea kwa wakati uleule na antena ni ileile. Kama kwenye simu inawezekana, kwenye ripita itashindikana vipi?

MHANDISI: Fundi, umechanganya vitu vitatu. Redio ya mkononi inapokezana zamu, haisemi na kusikia kwa pamoja. Simu inasema na kusikia kwa pamoja, kweli, lakini tazama masharti yake. Kwenye bendi ya megahezi 900, simu inarusha kati ya 880 na 915 na kupokea kati ya 925 na 960, kwa hiyo njia zake mbili zinapishana megahezi 45. Tena nguvu yake kwenye 4G haizidi sana wati 0.2. Ripita yetu inarusha wati 50, na masafa yake mawili kwa kawaida yanapishana megahezi 5 tu, pengine pungufu. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja.

MCHIMBAJI: Usukumani hapa wanakaa, mhandisi, mradi uweke ua katikati.

FUNDI: Umenimalizia maneno, kijana. Na ua wenyewe upo. Unaitwa duplexa.

MHAZINI: Kabla ya ua, niambieni kwanza ugomvi ni mkubwa kiasi gani.

MWALIMU: Hilo niachieni mimi. Risiva nzuri inaweza kusikia ishara ya robo ya mikrovolti. Kwenye mfumo wa omu 50 hiyo ni nguvu ya takriban wati moja iliyogawanywa kwa trilioni elfu moja. Hatua chache kutoka hapo, transmita inatoa wati 50. Uwiano wake unafika trilioni elfu arobaini kwa moja. Mafundi hawapendi sifuri nyingi hivyo, wanatumia desibeli: kila desibeli 10 ni mara kumi. Pengo hilo ni kama desibeli 166. Habari njema ni kwamba risiva yenyewe ina vichujio vyake vya ndani vinavyokataa sehemu kubwa ya ishara isiyo ya masafa yake. Kinachobaki kuzuiwa nje ya risiva ni kama desibeli 80 hivi, yaani mara milioni mia moja, kutegemea mtambo.

MHANDISI: Na madhara ni mawili, watu wanataja moja tu. La kwanza, nguvu ya transmita ikiingia kwenye risiva inaizidi nguvu, inakuwa kiziwi hata kwa masafa yake halali. La pili, hakuna transmita safi. Kila moja inamwaga kelele kidogo pembeni ya masafa yake, na sehemu ya kelele hiyo inaangukia palepale risiva inaposikiliza. Hiyo hata uwe na risiva ya dhahabu haitakusaidia, kwa sababu kelele imekwisha kuvaa sare ya ishara. Lazima izuiwe upande wa transmita.

FUNDI: Na ndiyo maana duplexa ina pande mbili. Ya masafa ya VHF ukiiona kwa karibu ni mikebe ya chuma, mara nyingi minne au sita, imesimama kwa safu na kuunganishwa kwa vipande vya kebo vilivyokatwa kwa kipimo. Ndani ya kila mkebe kuna nguzo ya shaba yenye urefu wa karibu robo ya wimbi. Kwa megahezi 150 wimbi ni mita 2, kwa hiyo nguzo inakaribia nusu mita. Juu inatoka fimbo yenye nyuzi na nati. Fundi anaizungusha kidogo kidogo huku macho yako kwenye skrini ya kipimo, mpaka bonde la mstari likae juu ya masafa yanayotakiwa kukataliwa, kisha anakaza nati. Milimita moja ukikosea, bonde limehama. Mikebe ya upande wa risiva inayakataa masafa ya transmita. Mikebe ya upande wa transmita inaikataa kelele iliyo kwenye masafa ya risiva. Njia zote mbili zinakutana kwenye kiungo kimoja, na kutoka hapo kebo moja inapanda kwenye antena moja.

MHAZINI: Na inakula nini? Maana hakuna kisichokula.

FUNDI: Inakula, mama. Duplexa ya kawaida inapunguza kama desibeli 1.5 kila upande. Wati 50 zinaingia, 35 zinatoka.

MHAZINI: Hizo 15 zimekwenda wapi? Nimezilipia kwenye sola na betri.

FUNDI: Zimekuwa joto ndani ya mikebe.

MHANDISI: Na upande wa kupokea unapoteza sehemu ileile, ambako hasara inauma zaidi. Mchimbaji ana wati 5 mkononi, ripita ina 50. Ripita inamfikia yeye kwa urahisi. Yeye ndiye anayehangaika kuifikia ripita. Kwa hiyo mimi naiweka antena ya kupokea juu kabisa ya mnara, kebo fupi kadiri inavyowezekana, bila mikebe ya kumpunguzia sauti. Antena ya kurushia naiweka chini yake. Hapo mnyonge amepewa nafasi ya juu.

MCHIMBAJI: Hiyo nimeipenda.

FUNDI: Utaipenda mpaka usikie urefu wa mnara. Mwalimu, wasomee.

MWALIMU: Antena mbili zikipangwa moja juu ya nyingine kwenye mnara mmoja, kuna kanuni inayotumika kukadiria: desibeli 28, ongeza 40 mara logi ya umbali ukigawanywa kwa urefu wa wimbi. Kwa VHF ya megahezi 150, ukizitenganisha mita 10 unapata desibeli 56. Ukitaka 80, unahitaji mita 40 kati ya antena na antena. Siyo mnara wa mita 40, ni nafasi ya mita 40 katikati yao.

MHAZINI: Na zikiwekwa pembeni kwa pembeni?

MWALIMU: Mbaya zaidi. Kwa usawa wa ardhi, desibeli 80 zinadai zaidi ya kilomita moja na nusu. Unakuwa na vituo viwili, walinzi wawili na waya kati yao.

FUNDI: Kikundi cha maduara hakijengi mnara wa mita 50, mama. Kinasimamisha bomba la mita 10 au 12 juu ya kilima, nyaya za kushikilia tatu, basi.

MHANDISI: Umechagua VHF kwa sababu inakufaa kwenye hoja. Nenda UHF ya megahezi 460. Wimbi ni sentimita 65. Desibeli 80 unazipata kwa nafasi ya mita 13. Na mkikodi nafasi kwenye mnara wa kampuni ya minara, mita 13 zinapatikana. Tena antena mbili zikifanya nusu ya kazi, vichujio vidogo vinaweza kumalizia nusu iliyobaki.

FUNDI: Hapo nakubali. Ila mwenye mnara anatoza kwa kila antena na kwa kila kebo inayopanda. Na kwenye UHF yenye pengo la megahezi 5, duplexa yenyewe inakuwa ndogo, kiboksi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Masafa yanayokurahisishia antena mbili ndiyo hayohayo yanayonirahisishia antena moja.

MHANDISI: Nina hoja ambayo hukuijibu. Weka yote kwenye antena moja, radi ipige, umepoteza kusema na kusikia kwa pamoja. Kanda ya Ziwa radi si hadithi. Kitu cha usalama hakitegemei nguzo moja.

FUNDI: Mhandisi, kwa heshima yote, hapo umeteleza. Antena zako mbili hazisaidiani. Moja inasikia tu, nyingine inasema tu. Ikifa ya kusikia, ripita haina cha kurudia. Ikifa ya kusema, inasikia na kunyamaza. Kwa hiyo ripita inazimika ikiharibika yoyote kati ya hizo mbili. Umeongeza milango ya kuingilia matatizo: kebo mbili, vizuia-radi viwili, viunganishi mara mbili vya kuingia maji, na shaba mara mbili ya kumshawishi mwizi. Akiba ya kweli ni antena ya ziada iliyo stoo pamoja na kebo yake.

MHANDISI: Sawa, hiyo naipokea. Basi nawe pokea hii: anayefunga duplexa bila kipimo anawaibia watu. Nimeona mikebe imefungwa kama ilivyotoka kwenye boksi, imepangwa kwa masafa ya nchi nyingine kabisa. Ripita inawaka taa, watu wanashangilia, na redio iliyo umbali wa kilomita 3 haisikiki.

FUNDI: Naipokea bila masharti.

MWALIMU: Naomba niwatoe kidogo mlimani, kwa sababu wazo hili ni la zamani kuliko ripita. Mwaka 1936, katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, Robert Page na Leo Young walikuwa na rada iliyohitaji antena kubwa ya kurushia na nyingine ya kupokelea. Kwenye meli nafasi hiyo haipo. Wakatengeneza njia ya antena moja. Rada inarusha mpigo mfupi sana kisha inanyamaza ikisubiri mwangwi. Wimbi linakwenda mita 300 kwa kila mikrosekunde, kwa hiyo kitu kilicho kilomita 15 mwangwi wake unarudi baada ya mikrosekunde 100. Katika muda huo swichi imekwisha kugeuka. Na rada hazikubaki vitani tu. Migodi mikubwa ya wazi duniani sasa inatumia rada kukesha ikitazama kuta za shimo, ili ukuta ukisogea milimita chache watu waondolewe kabla haujaporomoka.

MCHIMBAJI: Kwa hiyo kuna kugawana kwa zamu, na kuna kugawana kwa masafa.

MWALIMU: Na kuna ya tatu: kugawana kwa mwelekeo. Kifaa kinaitwa sekuleta, ndani yake kuna feraiti na sumaku. Ishara inayotoka kwenye transmita inaelekezwa kwenye antena, inayotoka kwenye antena inaelekezwa kwenye risiva. Peke yake inatenga kama desibeli 20 hivi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha redio ya antena moja inayorusha na kupokea kwenye masafa yaleyale kwa wakati uleule. Walitumia sekuleta, kisha saketi na programu zinazoitoa sauti ya redio yenyewe kwenye kile inachosikia, wakafika desibeli 110. Hiyo bado si ya kufungwa kwenye kilima chetu, lakini inaonyesha kwamba mpaka si idadi ya antena.

MCHIMBAJI: Na zile redio za kidijitali? Niliambiwa hazihitaji mikebe.

FUNDI: Aliyekuambia alisema nusu. Kwenye mfumo wa kidijitali wa DMR muda unakatwa nafasi mbili, kila moja milisekunde 30. Kuna redio zinazoweza kusikia kwenye nafasi moja na kurusha kwenye nyingine, masafa yaleyale, kwa swichi tu. Inafaa eneo dogo. Lakini ripita ya kawaida ya DMR ya mlimani bado inarusha na kupokea kwa pamoja, na duplexa inabaki palepale.

MCHIMBAJI: Basi na mimi niseme langu, maana mmezungumza sana mambo ya juu ya kilima na mimi kazi yangu iko chini. Oktoba 2015 wenzetu walifukiwa Nyangalata, Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017, Nyarugusu, Geita, watu 15 walinaswa chini, wakaokolewa wote baada ya siku kadhaa. Antena moja au mbili mlimani ingemsikia nani pale? Mimi nikiwa futi 200 ndani ya mwamba, redio hii inakuwa tochi isiyowaka.

MHANDISI: Umesema kweli, na mtu asikuuzie ripita ya mlimani kwa ahadi ya kukusikia ndani ya duara. VHF na UHF zinakufa ndani ya mwamba baada ya hatua chache. Migodi ya chini ya ardhi duniani inatumia kebo maalumu inayopitishwa kwenye njia zote. Ganda lake la nje la shaba limeachiwa nafasi makusudi, ishara ivuje kutoka na kuingia urefu wote. Na sikiliza hili, fundi, litakufurahisha: kebo ni moja tu kwa kwenda na kurudi. Kwenye mifumo mingi ya VHF sauti inashuka kwenye masafa ya karibu megahezi 155 na kupanda kwenye karibu 172. Kila mita mia kadhaa kuna kikuza-ishara, na ndani yake vichujio vinatenganisha inayoshuka na inayopanda.

FUNDI: Duplexa chini ya ardhi.

MHANDISI: Duplexa chini ya ardhi. Ila mwamba ukikata kebo, aliye mbele ya mkato yuko kimya. Kwa hiyo kamba ya winchi na mtu wa kuhesabu walioingia na waliotoka visiachwe kwa sababu ya redio.

MCHIMBAJI: Na baruti?

MHANDISI: Hilo ni kubwa kuliko yote tuliyosema. Redio ikirushwa karibu na viwashio vya umeme vya baruti, nyaya zake zinaweza kuwa antena na kuvilipua kabla ya wakati. Ripita isifungwe karibu na eneo la kulipulia, na redio za mkononi zizimwe kabisa pale waya zinapounganishwa. Siyo kupunguza sauti, kuzima.

MHAZINI: Nimeandika hilo kwa kalamu nyekundu. Swali langu la mwisho: nikinunua antena moja, nalipia leseni ya masafa mamoja?

FUNDI: Hapana, mama. Masafa ni mawili hata antena ikiwa moja. Kikundi kinaomba jozi ya masafa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kuyatumia bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Na jozi hiyo inatakiwa ijulikane kabla ya kununua duplexa, kwa sababu mikebe inapangwa kwa masafa yako, si kwa masafa ya jirani.

Wasemaji waliishia hapo, na uamuzi wangu ni huu.

Kwa kikundi cha wachimbaji wadogo chenye bomba fupi juu ya kilima, fundi ameshinda. Antena moja inatosha, na wati 15 zilizogeuka joto ni bei ndogo ukilinganisha na mita 40 za mnara. Tena antena moja ina faida ambayo fundi hakuitaja: eneo inalosikia na eneo inalofikia ni lilelile, kwa hiyo kunakuwa na wachache zaidi wanaoisikia ripita huku yenyewe haiwasikii. Kwa anayekodi nafasi kwenye mnara mrefu wa UHF, mhandisi ana haki ya kusikilizwa, hasa kama redio za mkononi zinapata taabu kuifikia ripita. Na kwa aliye ndani ya duara, mchimbaji amewashinda wote: bila kebo chini, hakuna mawasiliano chini.

Lakini nimeona pia kwamba swali la antena ngapi si swali la kwanza. Zamu, masafa, mwelekeo, urefu wa mnara: zote ni njia za kununua kitu kimoja, nacho ni utengano kati ya anayesema na anayesikia. Anayeokoa fedha kwenye antena lazima azipeleke kwenye mikebe na kwenye mikono ya anayejua kuipanga. Akiziweka mfukoni, atakuwa amenunua mtambo unaopiga kelele mlimani bila kumsikia mtu.

Kwa hiyo, mhazini wa kikundi chochote kati ya Maganzo na Katoro, usimlipe fundi siku mtambo unapowaka taa. Mtume mtu na redio ya mkononi mpaka mahali ambapo sauti yake inafika ripita kwa shida. Mwambie fundi azime transmita ya ripita, asikilize pale kwenye mtambo jinsi sauti hiyo inavyoingia. Kisha aiwashe transmita kwa nguvu zote na asikilize tena, na wewe ukiwa umesimama pale. Sauti ikibaki vilevile, mlipe. Ikizama kwenye mkwaruzo, mwambie arudi na kipimo aipange duplexa, akague na viunganishi kama havijaingia maji au kutu, na fedha ibaki kwenye daftari lako mpaka jaribio hilo lipite.